Kambare na Maji Yanayopanda

Sokoni, wakati sato na sangara wamekwisha kulegea na macho yao yameingia ukungu, kambare bado anapumua. Amelala ndani ya beseni lenye maji yasiyofika hata kwenye ubavu wake, ngozi imeanza kunata, na kila baada ya muda kinywa kinafunguka, kifuniko cha shavu kinainuka, kisha anatulia tena. Mchuuzi humwagia kikombe cha maji, zaidi kwa ajili ya macho ya mnunuzi kuliko kwa ajili ya samaki. Wapita njia husimama. Wengine huvutiwa, wengine hukereka, maana samaki aliyetolewa ziwani alfajiri hatarajiwi kutikisa mkia adhuhuri.

Ukaidi huu wa kutokufa upesi ndio uliompa kambare sifa, na ndio uliomponza. Tumezoea kumhesabu kuwa samaki asiye na haja. Mtie kwenye dimbwi, kwenye mfereji, kwenye shimo lililobaki baada ya watu kuchota udongo wa matofali, ataishi. Ni kweli, ataishi. Lakini kuishi ni jambo moja na kuacha kizazi ni jambo jingine, na baina ya mambo hayo mawili ndipo ninapotaka kusimama. Kiumbe huyu anayevumilia karibu kila kitu anakihitaji kitu kimoja bila ya kubadilishana na kingine chochote: maji yanayopanda, yakatoka kwenye kingo zake, yakaingia kwenye nyasi. Asipoyapata atanenepa, atazeeka, na mayai aliyoyabeba yatayeyuka tumboni yakarudi kuwa nyama yake.

Jamii za kambare barani mwetu ni nyingi. Ninayemsema hapa ni yule ambaye wataalamu humwita Clarias gariepinus, kambale wa wavuvi wengi wa Tanzania, mumi wa Waluo, male wa Waganda. William Burchell, Mwingereza aliyezunguka kusini mwa Afrika, ndiye aliyemwandika katika vitabu vya sayansi mwaka 1822, akampa jina la mto Gariep ambao ramani nyingi huuita Orange. Waliokuja baada yake walimkuta kwingine wakadhani ni mwingine. Vitabu vya zamani vya Afrika Mashariki humwita Clarias mossambicus, vile vya Nile humwita Clarias lazera. Ilibidi kungoja hadi 1986, pale Mbelgiji Guy Teugels alipolinganisha vielelezo kutoka kila pembe ya bara na kuonyesha kwamba hawa wote ni samaki mmoja. Anaanzia mito ya Afrika Kusini, anapanda na Nile, anavuka hadi mto Jordan na kusini mwa Uturuki. Akiachwa akue anaweza kupita mita moja na nusu na kufikia kilo 60, ingawa wale tunaowaona kwenye mabeseni wengi hawazidi urefu wa mkono wa mtu.

Umbo lake halina la kuficha. Kichwa ni bapa na kigumu, mfupa mtupu chini ya ngozi. Macho ni madogo mno kwa kichwa hicho. Pezi la mgongoni ni moja, refu, linaanza nyuma ya kisogo na kukaribia mkia. Magamba hana hata moja, na hilo limemtenga na meza nyingi: Wasabato wa Kisii na Mara wanaoshika maagizo ya kitabu cha Mambo ya Walawi hawamli, na Waislamu wa Kishia nao humwacha kwa sababu hiyohiyo. Imani ya mtu juu ya chakula chake ni yake na naiheshimu. Nataja tu kwamba ngozi hiyo tupu, iliyopakwa utelezi, ni kiungo cha kuonjea pia. Kambare huonja maji kwa mwili mzima, na zaidi kwa sharubu zake nane, anazozitandaza mbele yake usiku katika maji ambayo macho yasingefaa kitu.

Waswahili wameziona sharubu hizo wakatunga usemi. Nyumba isiyo na mkubwa wala mdogo, ambamo kila mtu ni msemaji na hakuna msikilizaji, huitwa familia ya kambare: baba ana ndevu, mama ana ndevu, mtoto naye ana ndevu. Usemi unasemwa kwa lawama, na kwa watu lawama hiyo inafaa. Lakini ukifuata maisha ya samaki mwenyewe utaona kwa nini mambo yako hivyo. Kambare hana malezi. Mama hutaga usiku mmoja akaondoka, baba naye akaondoka, na kifaranga anapofumbua macho hakuna wa kumwonyesha njia. Sharubu zinaanza kumchipuka katika siku za kwanza kabisa kwa sababu hana mwingine wa kupapasa kwa niaba yake. Sato wengi huwalinda watoto wao kinywani. Mtoto wa kambare hulindwa na vile vinyuzi vinane tu.

Turudi kwenye beseni la sokoni, maana siri ya pumzi ile inastahili kuelezwa bila haraka. Kambare ana matamvua kama samaki wengine, nayo hufanya kazi ya kuchukua oksijeni majini. Juu ya matamvua, ndani ya kichwa kile kipana, kuna chumba kila upande. Ndani ya chumba kimesimama kiungo chekundu, laini, kilichogawanyika kama mti wenye matawi mafupi manene, na matawi hayo yameota juu ya matao ya pili na ya nne ya matamvua. Damu hupita humo karibu sana na uso wa kiungo. Maji yanapokuwa mazito na oksijeni kuisha, kambare hupanda juu, akavuta funda la hewa, akalipeleka kwenye vyumba vile na kushuka nalo. Sisi tunavuta hewa kwa mapafu, naye anaivuta kwa kile kilichokuwa tamvua kabla hakijageuka. Kwa sababu matawi hayo ni mafupi na manene kuliko nyuzi za matamvua ya kawaida, hayagandamani yakikosa maji ya kuyashikilia. Ndiyo maana sangara hukata roho mapema akiwa nje ya maji huku hewa tele ikimzunguka, na kambare akaendelea.

Kiungo hiki hakikutengenezwa kwa ajili ya beseni. Kilitengenezwa kwa ajili ya kiangazi.

Anayetaka kuona kiangazi kinavyomtenda kambare aende Katavi mwezi wa Oktoba, au atazame Ruaha Mkuu ulivyo ndani ya hifadhi kabla ya mvua. Mto unaacha kwanza kuvuma, kisha unaacha kwenda, kisha unakatika vipande. Vipande vinakuwa madimbwi, na kila dimbwi linapopungua wakazi wake wanasogezwa karibu zaidi na maadui zao. Viboko husongamana mgongo kwa mgongo. Mamba hutafuta mapango kwenye kingo. Korongo huja kwa makundi wakasimama wakingoja. Maji hugeuka supu ya kinyesi na udongo, na samaki wanaotegemea matamvua peke yake huelea tumbo juu, mmoja baada ya mwingine. Kambare anabaki, akipanda na kushuka, akipanda na kushuka. Maji yakizidi kupungua hujichimbia kwenye tope na kutoka usiku kutafuta chakula. Ukija usiku wenye umande au manyunyu, anaweza kuondoka kabisa: anajikita kwa miiba miwili ya mapezi ya kifuani, anapindisha mkia kushoto na kulia, na anajiburuta juu ya majani kwenda kutafuta dimbwi jingine.

Tusimchanganye hapa na kamongo, ambaye wengine humwita kambare mamba. Huyo ana mapafu hasa, na hujifunga ndani ya ganda la utelezi mkavu ardhini akalala miezi. Kambare halali hivyo. Tope likikauka likawa jiwe naye amo, atakufa. Uhodari wake una kikomo chake, na kikomo hicho ni unyevu.

Huenda katika dimbwi linalokauka kama hilo ndipo binadamu alipokutana na kambare mara ya kwanza, na habari hii hunigusa kila ninapoifikiria. Koobi Fora, mashariki mwa ziwa Turkana, watafiti walifukua mahali ambapo viumbe wa ukoo wetu walikula miaka milioni 1.95 iliyopita. Matokeo yalichapishwa 2010: mifupa ya wanyama wa nchi kavu ilikuwapo, na pamoja nayo ya kobe, mamba na samaki, kambare wakiwamo, mingine ikiwa na alama za kukatwa kwa mawe yenye makali. Kule Olduvai, Kathlyn Stewart aliichambua mifupa ya samaki iliyotoka kwenye tabaka za kale na kukuta zaidi ni kambare na jamii ya perege, yaani samaki wa maji ya kina kifupi, wanaoweza kushikwa na mtu asiye na wavu, asiye na ndoano, asiye na mtumbwi. Aliyekuwa na mikono miwili na jiwe aliweza kumpata kambare wakati wa kiangazi anapokwama, au mwanzo wa mvua anapoingia kwenye nyasi kuzaa. Wapo wataalamu wanaofikiri kwamba mafuta ya samaki wa namna hii yalichangia kuulisha ubongo uliokuwa unakua. Hilo litaendelea kujadiliwa. Lakini kwamba babu zetu waliinama kwenye tope wakamtoa kambare, mifupa ipo na alama zipo.

Njoo karibu zaidi na wakati wetu, bonde la mto Semliki mashariki mwa Kongo, mahali paitwapo Katanda. Alison Brooks na John Yellen walifukua huko vichwa vya vyusa vya mfupa vilivyochongwa meno kwa ustadi mkubwa, na pamoja navyo mifupa ya kambare wakubwa. Walipochapisha habari hiyo mwaka 1995 walikadiria umri wake kuwa miaka ipatayo 90,000. Kambare walioliwa pale walikuwa samaki waliokomaa, na hilo liliwafanya wachimbaji waamini kwamba wavuvi walikuwa wanajua majira: walikuja mtoni wakati kambare wanapopanda kutaga. Kwa hiyo miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo akili ya binadamu ilivihifadhi na kuvirithisha, huenda imo kalenda ya samaki huyu. Na huko chini kabisa ya Nile, takriban mwaka 3100 kabla ya Kristo, mfalme anayesemekana kuiunganisha Misri aliandikwa kwa alama mbili, kambare na patasi. Sisi tunamsoma Narmer. Waliomwandika walichora sharubu.

Jambo moja tu nitalisema juu ya uwindaji wake, kwa kuwa limenifundisha kutomdharau. Katika delta ya Okavango huko Botswana, maji ya mafuriko yanapoanza kurudi mtoni kati ya Septemba na Novemba, kambare hukusanyika kwa mamia na kusonga pamoja kandokando ya mafunjo kuelekea juu ya mto. Glenn Merron aliyewachunguza alieleza mwaka 1993 jinsi wanavyowinda kwa kundi, wakiyapiga mashina ya mafunjo kwa mikia ili samaki wadogo watoke walikojificha. Ndege huwafuata juu. Kelele za uwindaji huo husikika kabla maji hayajaonekana yakichemka. Wanaoliwa zaidi ni samaki wa jamii ya domodomo, ambao husemezana gizani kwa mapigo hafifu ya umeme. Kambare ana matundu madogo kwenye ngozi yanayohisi umeme wa aina fulani. Mapigo ya domodomo wengi ni mafupi mno na yanampita. Lakini dume lililokomaa, ambalo pigo lake limerefuka kwa ajili ya kuwaita majike, hujitangaza kwa kambare bila kujua. Nimelirudia jambo hilo mara nyingi moyoni: kile kinachomfanya dume apendwe ndicho kinachomfanya aonekane na adui.

Sasa mvua. Kambare husubiri mwaka mzima kwa ajili ya siku chache. Kadiri siku zinavyopita baada ya msimu uliopita, mayai ndani ya jike hukua polepole hadi yakafikia ukubwa kamili, kisha yanasimama. Hayaendi mbele. Yanangoja habari kutoka nje, na habari hiyo haiji kwa joto peke yake wala kwa chakula. Mto unapopanda, maji mapya yenye udongo na harufu ya nchi kavu yanapoyafunika majani kwenye kingo, hapo tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni zake na mayai hukamilika kwa saa chache. Kambare hutoka ziwani na mtoni wakaingia kwenye mito midogo, vijito na mbuga zilizofurika. Wavuvi wa kandokando ya ziwa Victoria wanalijua hili tangu enzi za mababu na wamekuwa wakitega kwenye midomo ya mito mvua zinapoanza. Humphry Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Jinja, aliliandikia jarida la sayansi taarifa fupi juu ya kuzaa kwao mwaka 1955.

Huwa ni usiku, mara nyingi baada ya mvua kubwa, kwenye maji yasiyofika gotini. Dume hujikunja na kukizunguka kichwa cha jike. Wanatulia hivyo kwa kitambo. Mbegu na mayai hutoka pamoja, kisha jike hupiga mkia kwa nguvu na mayai hutawanyika kwenye nyasi zilizozama, yakanata. Huenda wakarudia tena hatua chache mbele, na tena. Jike mkubwa hubeba mayai kwa makumi ya maelfu. Kunapopambazuka wazazi wanarudi kwenye kina, na majani ambayo wiki moja kabla ng'ombe walikuwa wakiyala yamefunikwa na chembe za rangi ya kijani na kahawia, kila moja na uhai wake. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hivi, vifaranga hutoka baada ya saa 24 hadi 36. Kwa siku mbili tatu wanaishi kwa kiini cha yai. Baada ya hapo wanaanza kula, na mbuga iliyofurika imejaa vidudu vya majini ambavyo mtoni havipatikani kwa wingi huo.

Kwa nini achague nyasi zilizozama, mahali ambapo maji yanaweza kuondoka kesho na kuyaacha mayai juani? Kwa sababu samaki wengine walao mayai bado hawajafika. Ardhi iliyokuwa kavu jana haina wenyeji. Kwa wiki chache ni nchi mpya yenye chakula tele na maadui wachache, na anayewahi ndiye anayekula. Kambare amejenga maisha yake yote, pamoja na kile kiungo cha kuvutia hewa, ili aweze kukaa karibu na mahali hapo kiangazi kizima na kuwa wa kwanza kuingia.

Hili ndilo linalomsumbua mfugaji. Wafugaji wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania wamempenda kambare kwa sababu nzuri: anakua haraka, anakula karibu kila kitu, anastahimili msongamano na maji ambayo yangewaua sato. Bwawani ananenepa. Lakini bwawa la kufugia halipandi. Maji yake ni yaleyale Januari na Aprili, kingo zake zimefyekwa, hakuna nyasi inayozama. Jike hufika kwenye ule mlango wa mwisho akasimama, tumbo limejaa, akingoja habari ambayo haitakuja.

Kwa hiyo watu wamejifunza kumpelekea habari hiyo kwa sindano. Njia hii imefanyiwa kazi miaka mingi katika vituo kama Sagana nchini Kenya na Kajjansi nchini Uganda, na leo inafanywa hata na mfugaji mwenye banda dogo. Huchukuliwa kambare aliyekomaa, akapasuliwa fuvu, ikatolewa tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Husagwa, ikachanganywa na maji ya chumvi ya hospitali, na jike akachomwa kwenye nyama ya mgongo. Wengine hutumia homoni ya kiwandani. Baada ya saa kumi au kumi na mbili, kutegemea joto la maji, mayai huwa tayari, na mtaalamu hulikanda tumbo taratibu yakamiminika kwenye bakuli kavu. Mbegu za dume hazikamuliki hivyo. Korodani zake zimekaa vibaya kwa kazi hiyo, na kwa kawaida dume huuawa, akapasuliwa, zikakatwakatwa na kunyunyizwa juu ya mayai. Kwa hiyo ili wazaliwe kambare wasiojua mafuriko, dume lazima life, na wakati mwingine yule aliyetolewa tezi pia.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wafugaji. Nimeona vifaranga vikiuzwa, vikisafirishwa katika mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni, vikawa ada ya shule na paa la nyumba. Tena vingine hupelekwa ziwani kuwa chambo cha sangara, na hivyo kuwapunguzia watoto wa kambare wa ziwani wenyewe balaa la kukamatwa kuwa chambo. Kazi hii ina faida na ina maarifa. Ninachosema ni kwamba kila sindano ile ni ushahidi. Hakuna anayemchoma mnyama ili kumpa kitu asichokihitaji. Tunapolazimika kuyaigiza mafuriko ndani ya damu ya jike, tunakiri kwamba mafuriko yalikuwa sehemu ya mwili wake tangu mwanzo.

Wengine watanijibu kwamba kambare huyuhuyu amepelekwa Asia na kule amesambaa hadi kuwa balaa. India ilipiga marufuku kumfuga kwa kuhofia samaki wa asili. Ni kweli. Lakini tazama mahali aliposhamiri. Ni nchi za mvua za msimu, zenye mito inayovimba na mashamba ya mpunga yanayozama. Alikuta huko ufunguo uleule, maji yanayopanda.

Na hapa kwetu ufunguo unapunguzwa. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, jambo lililoanza baada ya maji ya Usangu kutumika zaidi na zaidi kumwagilia mpunga na matumizi mengine juu ya mto. Mtu atasema kambare wa madimbwini watastahimili, kwani ndiyo kazi yao. Watastahimili kiangazi cha kawaida. Kiangazi kinachorefushwa kwa mikono ya watu hupita kile kikomo cha unyevu nilichokitaja, na dimbwi la mwisho likikauka, hakuna atakayebaki wa kuingia kwenye nyasi mvua zikija.

Rufiji una hadithi yake. Bonde lake la chini lina maziwa madogo, kama Zumbi, Utunge na Ruwe, yanayotegemea mto kuyafikia unapofurika. Hupata maji mapya na samaki wapya, kisha watu wakavua kwa nyavu na migono mwaka unapoendelea. Pembeni yake wakulima hupanda mlau, yaani mazao ya baada ya mafuriko, kwenye udongo wenye unyevu maji yanaporudi nyuma. Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa huko juu, mradi wa megawati 2,115, na taa nyingi nchini zinawaka kwa nguvu yake. Naufurahia umeme huo kama mwingine yeyote. Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliingia Rufiji na Kibiti, yakachukua mashamba na nyumba za watu, na sitamwambia aliyelala juu ya paa la nyumba yake kwamba maji yale yalikuwa neema kwa samaki. Maji yanayopanda ni kitu kizito. Watu wa bonde hilo walijua kuishi nayo kwa sababu yalikuwa na kawaida yake, na kawaida ndiyo iliyowafaa wao na kambare kwa pamoja.

Mto wenye bwawa bado unaweza kufurika, ila sasa kwa uamuzi. Watakaoamua wanaweza kuanzia kwenye nyasi. Maji yapande mvua zinapoanza, usiku ukiwa na joto, hadi yafunike majani ya kingoni. Yasikatwe ghafla baada ya siku moja kwa sababu mashine zimeshiba, maana mayai yaliyonata yanahitaji siku moja na nusu kuanguliwa, na vifaranga wanahitaji siku mbili tatu nyingine kabla ya kuweza kuogelea na kula. Baada ya hapo bado wanapumua kwa matamvua na ngozi peke yake. Kile kiungo chekundu juu ya matamvua huchukua wiki mbili au zaidi kuota na kuanza kazi. Kifaranga wa siku kumi aliyeachwa kwenye kidimbwi cha moto hana uhodari wowote wa mama yake. Kwa hiyo maji yashuke polepole, kwa wiki kadhaa, kupitia njia zilezile yalizoingilia, ili wadogo wafuate mkondo kurudi kwenye maziwa na mto, wengi wao wakiwa na urefu wa kidole na wamekwisha kuanza kupanda juu kuvuta hewa.